Pombe ya Maabara: Protini Zishikazo Aktini na Suala la Kuzitaja kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mwaka 1893 Paul Lindner, mtaalamu wa hamira aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya watengenezaji bia huko Ujerumani, alichunguza mashapo ya pombe ya nafaka iliyotoka Afrika Mashariki. Katika mashapo hayo aliona hamira yenye tabia ya pekee. Hamira zilizozoeleka katika utengenezaji wa bia huzaana kwa kutoa kichipukizi ubavuni. Hii ilirefuka kama kijiti, kisha ikajikata katikati na kuwa vijiti viwili vilivyo sawa. Lindner akaipa jina Schizosaccharomyces pombe. Sehemu ya kwanza ya jina hilo imeundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana za kupasua, sukari na kuvu. Sehemu ya pili ni neno ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa.

Kwa mwanaisimu, jina hili lina mgawanyo wa kazi unaostahili kuangaliwa. Kigiriki kilitoa kitenzi. Kiswahili kikatoa nomino. Kigiriki kikaeleza kiumbe hiki hufanya nini, na Kiswahili kikaeleza kilikutwa wapi. Mgawanyo huo umedumu kwa zaidi ya miaka 130. Katika kipindi hicho hamira ya pombe imekuwa mojawapo ya viumbe vilivyochunguzwa kwa makini zaidi kuhusu namna seli inavyopata umbo na inavyojigawa, na mengi yanayofahamika leo kuhusu kazi ya protini zishikazo aktini katika kujigawa huko yamepatikana kutoka kwake. Ilhali mwanafunzi wa sekondari nchini Tanzania, ambaye husoma biolojia kwa Kiingereza, hukutana na kiumbe chenye jina la kwao kikizungukwa na vitenzi vya ugenini.

Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo ugeuzwe. Majina ya protini yakopwe bila haya yoyote, kama yalivyokopwa majina ya dawa na madini. Bali matendo yake yasemwe kwa vitenzi vya Kiswahili, na istilahi zijengwe juu ya vitenzi hivyo. Dai hili halitokani na uzalendo wa lugha peke yake. Umbo la seli na kujigawa kwake ni mfululizo wa matendo: kutunga, kuziba, kukata, kuvuta, kukaza, kuachia. Anayekariri majina ya vitu bila kuyapata matendo hayo amekosa jambo lenyewe.

2.0 Shanga na uzi

Aktini ilitengwa mwaka 1942 na Brunó Straub katika maabara ya Albert Szent-Györgyi mjini Szeged, nchini Hungaria, wakati vita vikiendelea. Walikuwa wakichunguza misuli, na kwa muda mrefu aktini ilidhaniwa kuwa ni mali ya misuli tu. Baadaye ilibainika kuwa imo karibu katika kila seli yenye kiini, kuanzia hamira hadi ubongo wa mwanadamu. Katika misuli ya binadamu, chembe moja ya aktini ina asidi amino 375, na chembe hiyo yaweza kulinganishwa na ushanga. Shanga hizi hutungika kuwa uzi: safu mbili zilizosokotana kama kamba, unene wake ukiwa karibu nanomita 7 tu.

Uzi huo una ncha mbili zisizofanana. Shanga hujiunga upesi kwenye ncha moja na taratibu kwenye nyingine. Kila ushanga uingiao huwa umebeba ATP, molekuli ya nishati. Baada ya kuingia, ATP hiyo huvunjwa, na ushanga huo huanza, kwa namna ya kusema, kuzeeka. Hivyo uzi huwa mpya upande mmoja na mzee upande wa pili, na shanga zaweza kuingia huku wakati nyingine zinatoka kule. Uzi unaonekana umesimama palepale, kumbe shanga zake zote zinasafiri.

Hapa ndipo kosa la kwanza la tafsiri linapojitokeza. Katika fasihi ya kimataifa ncha hizo huitwa kwa majina yaliyotokana na picha za hadubini ya elektroni: uzi uliopakwa vipande vya miosini ulionekana kama mfululizo wa vichwa vya mishale, upande mmoja ukiwa na vishikio vya mshale na upande wa pili ukiwa umechongoka. Mfasiri akiandika “ncha yenye miba” na “ncha iliyochongoka”, mwanafunzi atatafuta miba ambayo haipo. Wapo wanaopendelea “ncha chanya” na “ncha hasi”, nao humpeleka mwanafunzi kwenye umeme. Kinachozitofautisha ncha hizi wakati wote ni mwendo. Basi ziitwe ncha ya kasi na ncha ya pole, na mwanafunzi ataanza na ukweli mwenyewe badala ya kuanza na kumbukumbu ya picha iliyopigwa na mtu mwingine.

Sasa, uzi wa aktini ukiachwa peke yake hauna umbo la kuipa seli. Katika chombo cha maabara shanga hutungika mpaka zikafikia uwiano, basi. Seli, kinyume chake, inahitaji nyuzi ndefu mahali fulani na fupi mahali pengine, zilizolala sambamba hapa na zilizopandana kule, na pengine zote zibomolewe katika dakika chache. Utaratibu huo unaletwa na protini zaidi ya mia moja zinazoishika aktini. Ndizo mada ya makala haya.

3.0 Kushika, kufumbata, kupakata

Uteuzi wa kitenzi “kushika” wahitaji kutetewa, kwa kuwa mshindani wake, “kufunga”, ndiye humjia mfasiri kwanza. Kufunga kuna dhana ya fundo: kilichofungwa hukaa mpaka kifunguliwe. Protini nyingi kati ya hizi hazifungi hivyo. Hushika na kuachia, pengine mara nyingi kwa sekunde. Kitenzi “kushikamana” nacho hakifai kwa jina la jumla, maana viambishi -am- na -an- vinaleta hali ya kudumu na ya pande mbili. “Kushika” kunatosha, na kunaacha nafasi ya kueleza ni kushika kwa namna gani.

Na namna hizo Kiswahili kinazo. Wanasarufi wa Kibantu wamekwisha kuonyesha kwamba kiambishi -at-, ambacho leo hakinyambui tena kwa uhuru, kimesalia katika vitenzi vya kugusana na kukumbatia: kamata, fumbata, ambata, kumbata, pakata. Kiambishi hicho hutajwa darasani kama kisukuku cha lugha. Itazamwe sasa kazi ya protini mbili ndogo. Timosini beta-4 huushika ushanga mmoja wa aktini kwa namna ambayo ushanga huo hauwezi kuingia kwenye uzi kwa ncha yoyote. Ni akiba iliyofichwa. Profilini nayo huushika ushanga mmoja, lakini huuacha upande mmoja wazi, ili upokelewe kwenye ncha ya kasi. Ukishapokelewa, profilini huondoka. Kwa Kiingereza mambo haya mawili huelezwa kwa kitenzi kimoja na sentensi mbili za ufafanuzi. Kwa Kiswahili, timosini huufumbata ushanga na profilini huupakata. Aliyefumbata amefunga kiganja; aliyepakata amemweka mtoto mapajani, na yeyote aweza kumpokea. Mwanafunzi aliyelelewa katika lugha hii hahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Kadhalika kuna kauli ya kutendua, ambayo vitabu vya sarufi huipa nusu ukurasa: ziba na zibua, fuma na fumua, tunga na tungua, kunja na kunjua. Ncha ya kasi ya uzi huweza kuzibwa na protini inayokaa juu yake kama kifuniko, na uzi ukazuiwa kurefuka. Protini hiyo ni kizibo. Ipo protini nyingine, karmili, ambayo husaidia kukitoa kifuniko hicho. Hiyo ni kizibuo. Maneno yote mawili yako tayari katika kila duka la vinywaji, na hakuna kamati iliyokaa kuyabuni.

Mahali ambapo neno haliko tayari, lugha ina kiolezo chake: kipimajoto, kinasasauti. Ngeli ya KI-VI, kitenzi, kisha kitendwa. Kwa kiolezo hicho kofilini, inayokata nyuzi zilizozeeka, ni kikatauzi. Fasini na fimbrini, zinazolaza nyuzi sambamba na kuzikaza pamoja kama kuni, ni vifungatita. Hapo kitenzi “kufunga” kimepata mahali pake, kwa kuwa tita hukaa. Filamini, inayoziunganisha nyuzi zinapopandana, ni kifumawavu. Formini, inayoanzisha uzi mpya na kuendelea kukaa kwenye ncha yake ya kasi wakati unarefuka, ni kianzishauzi. Kundi la protini saba liitwalo Arp2/3, lililotengwa mwaka 1994 kutoka katika amiba, huotesha uzi mpya ubavuni mwa uzi wa zamani kwa pembe ya takriban digrii 70. Hilo ni kichipuzatawi. Aidha, ngeli hii inafaa kwa sababu ya pili. Ngeli ya M-WA ingezipa protini nia na hiari, na tayari maandishi ya sayansi yamejaa protini “zinazotaka” na seli “zinazoamua”.

4.0 Umbo

Tazama seli itambaayo, mathalani seli nyeupe ya damu ikifuata bakteria. Ukingo wake wa mbele ni utando mwembamba unaosukumwa kwenda mbele na msitu wa nyuzi. Vichipuzatawi huotesha matawi karibu na utando. Vizibo huyazuia matawi ya nyuma yasirefuke bure, hivyo nguvu ya kusukuma inabaki kwa machipukizi mapya. Vikatauzi huukata msitu mzee upande wa nyuma, na shanga zinarudishwa kupakatwa na kupelekwa mbele tena. Kiondoe kizibo, na mwendo unavurugika. Jambo la kutiliwa mkazo hapa ni kwamba kuzuia na kukata ni sehemu ya kujenga. Nomino “kiunzi cha seli”, ambayo yumkini ndiyo tafsiri bora iliyopo ya dhana ya mifupa ya seli, inaficha jambo hili. Msomaji huona mifupa, yaani kitu kilichokwisha kuumbwa. Kiunzi hiki kinajengwa na kubomolewa wakati huohuo, na umbo ni matokeo ya mizani kati ya hayo mawili.

Mizani ikiharibika, umbo hushuhudia. Mwaka 1992 watafiti waliripoti seli za saratani ya ngozi zisizokuwa na filamini: utando wake ulikuwa ukitokota mapovu, na seli zilitambaa kwa shida. Walipozirudishia filamini, mapovu yalipungua na mwendo ukarejea. Aktini ilikuwamo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni kifumawavu. Katika maradhi ya Duchenne, yanayodhoofisha misuli ya watoto wa kiume, protini inayokosekana ni distrofini, ambayo huziunganisha nyuzi za aktini na utando wa seli ya msuli. Bila kiungo hicho utando hupasuka kila msuli unapofanya kazi, na msuli hufa kidogo kidogo.

Mfano ulio karibu zaidi na kila mtu ni chembe nyekundu ya damu. Ni kisahani chenye kipenyo cha takriban mikromita 8, kilichobonyea pande zote mbili, nacho hupenya katika mishipa iliyo myembamba kuliko chenyewe kwa muda wa siku 120 hivi. Umbo hilo linashikiliwa na wavu uliotandazwa chini ya utando: kamba za spektrini, na kwenye mafundo ya wavu nyuzi fupi mno za aktini. Spektrini au kiungo chake na utando vikipungua, kisahani hugeuka kuwa tufe, na tufe haliwezi kujikunja kupita katika wengu. Hunaswa na kuharibiwa humo, na mtu hupungukiwa damu.

Jambo hili haliko mbali na Waswahili. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, watu wengi kiasi wana aina ya damu iitwayo Dantu, ambayo huwakinga watoto dhidi ya malaria kali. Mwaka 2020 utafiti uliofanywa kwa damu ya watoto wa Kilifi ulionyesha sababu: utando wa chembe nyekundu za Dantu umekaza zaidi, na kijidudu cha malaria hushindwa kuupenya. Dantu yenyewe haitokani na protini ishikayo aktini. Ni badiliko katika glikoforini zilizo juu ya utando. Lakini swali ni lilelile la mkazo na umbo, na kitenzi ni kilekile, kukaza. Mzazi wa Kilifi aliyekubali mwanawe atolewe damu kwa ajili ya utafiti ana haki ya kuelezwa matokeo yake kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ipo: ngozi ya chembe zake imekaza kama ngoma iliyowambwa, na mdudu hapati pa kuingilia.

5.0 Mshipi wa katikati

Sasa irejewe hamira ya pombe. Seli yake ni kijiti chenye upana wa mikromita 3 hadi 4. Hukua kwenye ncha zake, kwanza ile iliyorithiwa kutoka kwa mzazi, kisha ile mpya; na ikifikia urefu wa mikromita 14 hivi, hujikata katikati. Utaratibu huu ni wa kutegemeka kiasi kwamba mtafiti aweza kukisia umri wa seli kwa kuipima urefu. Mwaka 1976 Paul Nurse, ambaye baadaye alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001, pamoja na wenzake walieleza seli kadhaa za hamira hii zilizoharibika jeni za kujigawa. Baadhi yake, zikiwekwa katika joto kubwa, zilirefuka na kurefuka, viini vyake vikawa viwili, kisha vinne, bila seli kukatika. Jeni hizo zilipewa namba tu: cdc3, cdc8, cdc12. Miaka ilipita kabla ya kujulikana zinatengeneza nini. Cdc8 ilibainika mwaka 1992 kuwa ni tropomiosini, inayolala juu ya uzi wa aktini na kuuimarisha. Cdc3 ikabainika mwaka 1994 kuwa ni profilini. Cdc12 ikabainika mwaka 1997 kuwa ni formini. Yaani, kinachoikata seli ni aktini na wasaidizi wake.

Namna wanavyoikata ni hadithi ambayo ingestahili kusimuliwa katika kila darasa. Kabla ya kiini kugawanyika, protini iitwayo Mid1 huweka alama katikati ya seli, na hapo hukusanyika vifundo takriban 60 chini ya utando. Kila kifundo kina formini na miosini. Formini hurefusha uzi kuelekea upande wowote. Uzi ukikutana na kifundo jirani, miosini ya kifundo hicho huunasa na kuuvuta. Vifundo viwili vinasogeleana. Kisha uzi hukatika na kuachiwa, na kazi inaanza upya. Katika muda wa dakika kumi hivi vifundo vyote vimejipanga kuwa duara. Kundi la watafiti walioeleza utaratibu huu mwaka 2008, akiwamo Thomas Pollard wa Chuo Kikuu cha Yale, waliuita kwa vitenzi vinne: kutafuta, kunasa, kuvuta na kuachia. Inafaa kulitafakari jambo hilo. Walipofika kwenye kiini cha suala, wanasayansi wenyewe waliziacha nomino. Na hakuna hata kimoja kati ya vitenzi hivyo ambacho mvuvi wa Bagamoyo hakitumii kabla ya kupambazuka.

Kofilini inadhihirisha umuhimu wa kuachia. Uwezo wake wa kukata ukidhoofishwa, vifundo huvutana na kugandamana kuwa mabonge yasiyo na mpango, na duara huchelewa kukamilika. Tena hapa kikatauzi ni mjenzi.

Duara hilo hukaza polepole, na nyuma yake hamira hujenga kiambaza, mpaka seli mbili zinatengana. Istilahi inayopendekezwa mara kwa mara ni “pete”. Ni istilahi isiyofaa. Pete haikazi, pete humwacha mwenye kidole kinene ahangaike nayo. Kinachokaza kiunoni ni mshipi. Ni kweli kwamba mvuvi ana mshipi wake mwingine, lakini muktadha huondoa utata huo kama uuondoavyo katika maneno mengine mengi. Mshipi wa seli una tofauti moja na ule wa nguo, nayo iliripotiwa na Thomas Schroeder mwaka 1972 baada ya kuchunguza mayai ya urchini wa baharini: unapofupika hauongezeki unene. Sehemu zake zinatoka kadiri unavyokaza, hadi unatoweka wenyewe.

Liko suala kubwa zaidi la istilahi mahali hapa. Vitabu husema “mgawanyiko wa seli” na kumaanisha mambo mawili kwa pamoja, kugawanyika kwa kiini na kukatika kwa seli. Mwaka 1977 Mabuchi na Okuno, nchini Japani, walidunga zindiko la kuzuia miosini ndani ya seli za mayai ya kiti cha pweza. Viini viliendelea kugawanyika, seli haikukatika. Mambo mawili yanayoweza kutenganishwa kwa sindano hayafai kubaki chini ya neno moja. Basi kiini kigawanyike, na seli ikatwe. Na tendo la pili liitwe mkato wa seli. Seli za mimea, ambazo hazitumii mshipi bali hujenga ukuta mpya kuanzia ndani kwenda nje, hazina mkato kwa maana hii. Zinajikinga kwa kiambaza, na zipewe neno lake.

6.0 Pingamizi

Pingamizi zito dhidi ya istilahi za kazi linatoka kwenye sayansi yenyewe. Protini moja yaweza kuwa na kazi mbili au tatu. Jelsolini, iliyoelezwa mwaka 1979 na Helen Yin na Thomas Stossel, hukata uzi kwa amri ya kalisi, kisha hubaki juu ya ncha iliyokatwa na kuiziba. Je, ni kikatauzi au ni kizibo? Formini huanzisha uzi, tena huikinga ncha yake isizibwe. Kofilini, ikizidi mno, hubadili tabia. Anayeita kwa kazi moja amesema nusu ya ukweli, na nusu hiyo itageuka kuwa uongo utafiti ukiendelea.

Pingamizi hili lingekuwa na nguvu kama ingependekezwa kwamba kikatauzi lichukue nafasi ya jina jelsolini. Halipendekezwi hilo. Jelsolini ni jina. Kikatauzi ni cheo. Mtu mmoja mtaani huitwa Juma, naye ni seremala, na jioni ni nahodha, na hakuna anayechanganyikiwa. Jelsolini ni kikatauzi na ni kizibo, na sentensi inayosema hivyo imeeleza zaidi ya jina lenyewe, ambalo lilitokana na namna saitoplazimu inavyobadilika kutoka uteute kuwa majimaji, na leo halimwambii mtu yeyote kitu.

Pingamizi la pili, kwamba mwanafunzi atakayesoma majarida ya kimataifa atalazimika kujifunza upya, halihitaji maneno mengi. Majina hayakubadilishwa. Profilini atakayoikuta huko ni ileile, na atakuwa anajua inafanya nini.

Gumu zaidi ni pingamizi ambalo kwa kawaida halisemwi hadharani: kwamba kazi ya istilahi imekabidhiwa kwa kamati, na kamati hufanya kazi kwa orodha. Orodha huanza na nomino za Kiingereza upande wa kushoto, na upande wa kulia huachwa wazi ujazwe. Kwa utaratibu huo vitenzi fumbata na pakata haviwezi kujitokeza kamwe, maana upande wa kushoto pana neno moja tu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa hatua kubwa, na haiwezi kulaumiwa kwa kutoijua Arp2/3, ambayo ilielezwa miaka minne baadaye. Kamusi zinazofuata hazina udhuru huo. Zingeweza kuanza upande wa kulia: mtaalamu wa biolojia aeleze mbele ya mwanaisimu, kwa Kiswahili na bila karatasi, kile kinachotokea katikati ya hamira ya pombe kwa dakika thelathini, na kila kitenzi atakachokitumia kiandikwe. Kitomeo cha kwanza kingekuwa kaza.